Walidhani Yumo Katika Msafara

Shule zimefungwa, mahindi yameingia ghalani au yako njiani kuingia, na kila mwenye shangazi sasa amemkumbuka. Katika nyumba nyingi hapa kwetu Kibomet, kuna mfuko uliokwisha kufungwa ukingoja safari ya Bungoma, au kuna godoro lililoanikwa juani kwa ajili ya wageni watakaotoka Bungoma kuja huku Kitale. Basi leo twapenda kuzungumza juu ya sikukuu, safari, na watoto wadogo. Tutaanza na safari moja aliyotuandikia Mwinjili Luka katika sura yake ya 2, kuanzia mstari wa 41. Aliye na Biblia na aifungue, asiye nayo na ategee sikio.

Luka atueleza ya kuwa wazazi wa Yesu walikuwa na desturi ya kupanda kwenda Yerusalemu kila mwaka wakati wa Pasaka. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 12 walikwenda naye kama kawaida. Sikukuu ikaisha, watu wakafunga mizigo, msafara ukashika njia ya kurudi Galilaya. Wakatembea mwendo wa kutwa nzima. Jioni ndipo baba na mama walipotambua kwamba mtoto hayuko. Wakamtafuta kati ya jamaa na watu waliojuana nao, wasimwone. Wakarudi Yerusalemu, na baada ya siku tatu wakamkuta hekaluni, ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali.

Wako wahubiri wanaoishika sura hii na kuwagombeza wazazi. Ati Mariamu na Yusufu walikuwa wazembe. Ati mtu hawezi kutembea siku nzima asijue mtoto wake yuko wapi. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Mhubiri wa namna hiyo hajapata kusafiri na shangazi watatu, binamu kumi na wawili na bibi mmoja. Luka mwenyewe atoa sababu: walidhani yumo katika msafara. Na kwa nini wasidhani hivyo? Msafara ule haukuwa wa watu baki. Ulikuwa wa jamaa na majirani, watu wa kijiji kimoja, ambao kila mmoja angempa mtoto yule mkate kama angesikia njaa, na kofi kama angestahili kofi. Mama aliyeishi katika msafara kama huo hakuwa na haja ya kugeuka nyuma kila hatua kumi.

Wazee wetu waliuelewa msafara huo vizuri. Kwa Wabukusu, ndugu ya baba huitwa baba pia, na dada ya mama huitwa mama, wala si kwa heshima tu bali kwa haki na kazi ya jina lenyewe. Kuna khocha, ndiye mjomba. Kuna senge, ndiye shangazi. Kuna kuka na kukhu, babu na nyanya. Mtoto aliyejifunza majina hayo kabla ya kujifunza kuhesabu alikuwa amekwisha kuambiwa ni milango mingapi anaweza kuiingia bila kubisha hodi.

Lakini turudi kwenye safari zetu wenyewe. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, lakini mtoto wa siku hizi aendaye Bungoma haijui reli. Yeye ajua matatu. Ajua Kiminini, ajua Kamukuywa, ajua Misikhu, na akifika Webuye ajua kwamba safari inakaribia mwisho. Wazazi wake walipokuwa wadogo hawakuhitaji kuambiwa wamefika Webuye, kwa maana kiwanda cha karatasi, kabla hakijasimama mwaka 2009, kilijitangaza chenyewe puani. Watoto wa wakati ule walikuwa wakishindana nani atazuia pumzi kwa muda mrefu zaidi. Siku hizi washindana kwa simu ya baba, mpaka chaji iishe.

Nauli ya Desemba mwaijua. Hupanda, na ikipanda, watoto nao hupungua umri. Mama mmoja alikuwa amempakata kijana wake, miguu ikiburura sakafuni, ili asilipiwe kiti. Kondakta akamwuliza mtoto, “Kijana, una miaka mingapi?” Akajibu kwa adabu nzuri, “Mimi nina miaka saba, lakini mama amesema ndani ya gari niwe na minne.” Gari zima likacheka, na mama akalipa. Twacheka nasi, ila yafaa kufikiri kidogo. Mtoto huyu yuko katika safari ya kwenda kusherehekea kuzaliwa kwa Bwana, na somo la kwanza la sikukuu alilopewa ni jinsi ya kumdanganya kondakta. Shilingi zile zilizotaka kuokolewa ni chache kuliko mafunzo yale.

Wakifika kwa bibi, kuku amekwisha kufukuzwa na kukamatwa. Hapo pana jambo lijulikanalo na kila Mluhya: firigisi si ya kila mtu. Firigisi ni ya mwenye nyumba, na mama mpishi huitunza kama mtunza hazina. Katika nyumba moja tuliyoalikwa, mjukuu wa miaka mitatu, mzaliwa wa Nairobi asiyejua sheria hizi, aliinuka mkekani, akaenda moja kwa moja kwenye sahani ya babu yake, akaichukua firigisi, akaitia kinywani. Watu walinyamaza kimya. Mkwe aliinamisha uso. Yule mzee akamtazama mtoto akitafuna, na kutafuna firigisi kwa meno ya miaka mitatu ni kazi ya muda mrefu, kisha akasema, “Basi leo mwenye nyumba amefika. Mnaweza kula.” Nasi tukala. Marko aandika katika sura ya 9 kwamba Bwana wetu alimchukua mtoto akamweka katikati ya wanafunzi waliokuwa wamebishana njiani nani aliye mkubwa. Mzee yule hakuutaja mstari wowote, wala haikuwa lazima.

Usiku, moto ukiwaka, ndio wakati wa hadithi. Wenyeji wa upande wa Mlima Elgon wana hadithi isiyohitaji kutiwa chumvi, maana yenyewe ni ya chumvi: habari za pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku, wakipapasa njia gizani kwa mikonga yao, na kuchokoa ukuta wa pango kwa pembe zao ili walambe chumvi. Na ndama nao huingia, karibu na mama zao. Mwambie mtoto hayo saa mbili usiku, umwone atakavyosogea karibu na bibi yake.

Tena si lazima kila jambo la watoto ligharimu fedha nyingi. Watoto wa Shule ya Jumapili tuliwahi kuwapeleka Saiwa, mbuga ndogo iliyo jirani na Kitale, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja hasa, nzohe, yule swala wa matopeni. Hapo hamna kuzunguka na magari. Ni kutembea kwa miguu. Tuliwaambia kwamba nzohe ana kwato ndefu zinazotanuka ili asizame katika tope, na kwamba akiogopa hujitumbukiza majini akabaki pua tu juu. Watoto thelathini, wale wale ambao kanisani hawawezi kunyamaza muda wa sala moja, walikaa juu ya mnara wa mbao robo saa nzima wasitoe sauti. Walipomwona hatimaye, katikati ya mafunjo, mmoja alinong'ona, “Anajua tuko hapa?” Mwalimu wao hakuwa na jibu, naye alikuwa akinong'ona pia.

Sasa ndugu wasikilizaji, tuna habari nyingine ambayo si ya kuchekesha. Twaisimulia kwa idhini ya wenyewe, wala hatutataja majina yao.

Walikuwako ndugu wawili, baba mmoja, mama mmoja. Baba yao alikuwa miongoni mwa watu wengi waliopanda kutoka upande wa Bungoma baada ya Uhuru, wakanunua mashamba huku Trans Nzoia. Alifariki bila kuandika neno lolote juu ya mpaka. Vijana wakajenga, mmoja huku, mwingine kule, na katikati wakapanda ua wa michongoma. Kisha likazuka neno: ua uko mahali pake, au umesogea? Ardhi iliyogombewa ilikuwa ukanda mwembamba. Ng'ombe akigeuka ndani yake amegusa pande zote mbili. Kwa ajili ya ukanda huo ndugu hawa walikaa miaka sita bila kuamkiana. Walikuwa wakija kanisani wote wawili, mmoja akiketi karibu na mimbari, mwingine karibu na mlango. Wakati wa kupeana amani kila mmoja alikuwa na jirani mwingine wa kumshika mkono. Kila mmoja alikuwa ameifuta namba ya mwenzake katika simu. Wazee wa kanisa walikwenda, chifu alikwenda, na karatasi zikaenda ofisi ya ardhi.

Watoto lakini hawakuwa na kesi. Walikuwa na tundu. Chini ya michongoma, mahali mbuzi walipozoea kupita, watoto wa nyumba hizi mbili walipanua njia ya kutosha mwili wa mtoto mmoja atambaaye, na kwa tundu hilo walipitisha kila kitu: mpira wa makaratasi, mapera, habari za nyumbani, na wao wenyewe. Wazazi walilijua tundu lile. Waliliacha. Kuliziba kungetaka maneno, na maneno ndiyo hayakuwako.

Ikafika Krismasi ya mwaka wa sita. Pande mbili za ua, vyungu viwili vinachemka. Wageni wamefika huku na huku, na wageni wenyewe ni wale wale, maana senge ni mmoja. Ilimbidi ale nusu ya sikukuu upande mmoja, nusu upande wa pili, akipitia barabarani. Jioni, giza likianza kuingia, mke wa yule mdogo akauliza, “Mtoto yuko wapi?” Ni msichana wa miaka minne. Mama alidhani yuko na shangazi zake. Shangazi walidhani yuko na wakubwa. Wakubwa wakasema walimwona akiingia tunduni mchana. Basi walidhani yumo katika msafara, kama walivyodhani Mariamu na Yusufu.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Yusufu alipomkosa mtoto aliweza kwenda kwa jamaa wote akauliza. Lakini kama Yusufu angekuwa na ndugu katika msafara ule ambaye hasemezani naye, na mtoto ameonekana mwisho karibu na kituo cha ndugu huyo, angefanyaje? Baba wa msichana alisimama penye ua. Aliita jina la mtoto mara nyingi, kwa sauti ya kutosha kusikika upande wa pili, lakini kuliita jina la ndugu yake hakuweza. Muda ukapita. Na karibu na ua huo, upande wa mkubwa, kilikuwako kisima cha zamani kilichofunikwa kwa mbao, na kila mtu alijua kwamba mbao zile zimeoza.

Aliyekwenda ni mama yao mzazi. Ajuza yule, ambaye mchana kutwa alikuwa amekaa kibandani mwake chini ya shamba akipelekewa sahani kutoka pande zote mbili, alichukua taa, akazunguka kwa barabara, akasimama langoni pa mwanawe mkubwa. Hakuingia. Alimwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo hata wajukuu hawakuwahi kulisikia. Akasema, “Mtoto hayuko. Njoo na tochi.” Yule mkubwa akatoka na tonge bado mkononi.

Hawakujadiliana waanzie wapi. Walikwenda kisimani, mmoja akipita langoni, mwingine akivunja michongoma kwa mwili wake. Mikono ilikuwa na damu ingawa hakuisikia. Ubao mmoja ulikuwa umevunjika katikati. Baba wa mtoto akapiga magoti lakini hakuweza kutazama. Basi ndugu yake akalala kifudifudi juu ya tope, akaingiza kichwa na tochi, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu, upande huu na upande huu. Kisha akasema, “Ni maji tu.” Wenyewe wametuambia kwamba hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia ndugu yake katika miaka sita.

Mtoto alipatikana ghalani kwa mkubwa, juu ya magunia ya mahindi, amelala usingizi mzito pamoja na binamu yake wa miaka mitano. Walikuwa wamemfuata paka aliyezaa, wakakaa wakingoja vitoto vyake vifumbue macho. Sisi tulipofika, baada ya kupigiwa simu, tulikuta watu wamekaa nje bila mpango, huku na huku wamechanganyika, na vyungu vyote viwili vimepoa.

Tungependa kuwaambia kwamba ndugu wale walikumbatiana na kesi ikafutwa usiku ule. Haikuwa hivyo. Jambo la mpaka lingali mikononi mwa ofisi ya ardhi, na kila mmoja bado ashika maneno yake. Lakini siku ya pili mdogo alikuja na mbao mpya akazipigilia juu ya kisima kilichoko kwa ndugu yake. Na wiki iliyofuata mkubwa alichukua panga, akakata michongoma pale penye tundu kwa upana wa mtu mzima aliyesimama wima. Waliamkiana kanisani Jumapili ya kwanza ya Januari. Salamu tu. Twamshukuru Mungu kwa salamu hiyo, nasi twangoja zaidi.

Twasimulia haya kwa sababu twajua kwamba ua wa namna ile uko katika mashamba mengi kutoka hapa hadi Bungoma. Katika nchi yetu hii ya Trans Nzoia na Mlima Elgon, ua mwingine haukuwa kati ya ndugu wawili bali kati ya makabila. Wengi wenu mwaikumbuka miaka ya 1991 na 1992. Mwakumbuka mapema mwaka 2008, kiwanja cha maonyesho cha Kitale kilipojaa watu waliokimbia makao yao. Katika mikusanyiko kama ile mtoto aliyepotezana na wazazi huulizwa jambo moja kwanza: je, unawajua jamaa zako? Lako jambo ambalo twapenda kulitaja kila tupatapo nafasi. Mtoto wa Kibukusu akimwita dada ya baba yake, husema senge. Mtoto wa Kisabaoti naye, na wa Kinandi, akimwita dada ya baba yake, husema senge. Lugha hizi si za jamii moja. Wataalamu huziweka mbali sana. Lakini kwa neno hilo zimekutana, na maneno ya nyumbani hayapiti kutoka lugha hadi lugha kwa barua. Hupita mahali watoto walipocheza pamoja na mama zao wakawaita kula.

Kanisa nalo lina njia yake ya kuupanua msafara. Kitabu chetu cha Sala cha zamani chataka mtoto abatizwapo awe na wasimamizi watatu: wa kiume, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wa kike, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Siku hizi twaona wasimamizi wakichaguliwa kwa ajili ya picha, na picha ikiisha kupigwa hawaonekani tena mpaka arusi ya mtoto. Wewe uliyesimama penye birika ukajibu kwa ajili ya mtoto, je, wajua sikukuu hii atakula wapi? Wajua kama baba yake na babu yake wasemezana?

Liko na jambo dogo la manufaa ambalo tumejifunza kwa akina mama wa kanisa letu. Mmoja wao hupokea wajukuu zaidi ya ishirini kila Desemba. Siku ya kwanza huwapanga wote uani, na kila mkubwa hupewa mdogo mmoja kwa jina. “Huyu ni wako mpaka sikukuu iishe.” Si kumlinda tu; ni kula naye, kunawa naye, na kujua alipo jua likichwa. Mwenye kumkosa wake haketi kula. Twamsifu mama huyu, na tena twamsifu kwa sababu huwachanganya kwa makusudi: mtoto wa mwana humpa mtoto wa binti, wa Nairobi humpa wa kijijini, na wale ambao wazazi wao wamenuniana huwaunganisha kwanza kabisa.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyetafutwa siku tatu na mama yako, watazame watoto walio njiani leo, katika magari yaliyojaa na penye vivuko vya mito. Wape madereva subira. Fumbua macho ya walio karibu na visima na moto. Mahali ambapo ndugu hawasemezani, umtie nguvu mmoja wao avuke kwanza, kabla giza halijaingia. Nao wasio na msafara wowote sikukuu hii, uwapeleke kwenye mlango utakaofunguliwa. Amina.